Mambo usiyoyajua kuhusu unga wa ugali

JE, mpenzi msomaji, unakumbuka mara ya mwisho ulipoutazama kwa makini unga uliokuwa ukiusonga? Yamkini hukumbuki. Unga ni kitu cha kila siku, na kitu cha kila siku hakichunguzwi. Maji yanachemka, unga unatiwa, mwiko unazunguka, na baada ya dakika chache ugali uko mezani pamoja na sukuma wiki.

Hata hivyo, chakula hiki tunachokifahamu mno kina mambo mengi ambayo walaji wake wengi hawayajui. Baadhi ni ya kustaajabisha tu. Mengine yanahusu uhai wako na wa watoto wako. Katika makala haya tutayaangalia moja baada ya jingine, na mara nyingi tutarudi Kitui na Makueni, kwa kuwa ni huko ambako Wakenya walijifunza somo hili kwa gharama kubwa kuliko mahali pengine popote nchini.

Jina linakudanganya

Tuanze na jambo jepesi. Ukilisikia jina mahindi, utadhani kwamba zao hili lilitoka India. La hasha! Mahindi yalianza kulimwa na wenyeji wa Mexico maelfu ya miaka iliyopita, na yalifika katika pwani yetu yakiletwa na Wareno katika karne ya 16. Lililowasili kwa jahazi au merikebu kutoka ng'ambo ya bahari lilihesabiwa kuwa la Kihindi, na jina likashika.

Kabla ya hapo, watu wa bara waliishi kwa mtama, mawele na wimbi. Mazao hayo yaliizoea ardhi kavu ya Ukambani kwa vizazi vingi. Mahindi ni mgeni ambaye amepewa kiti cha mwenye nyumba, na mgeni huyu havumilii kiangazi kama wenyeji wake. Jambo hilo lishike, kwa maana tutalihitaji baadaye.

Mwaka ambao chakula kiliua

Mapema mwaka wa 2004, hospitali za wilaya za Makueni na Kitui, katika uliokuwa Mkoa wa Mashariki, zilianza kupokea wagonjwa ambao macho yao yalikuwa yamegeuka manjano. Walikuwa wakitapika, tumbo likiwauma na kujaa maji, na miguu ikivimba. Ini lilikuwa limeacha kufanya kazi. Madaktari walidhania mwanzoni kwamba huo ulikuwa ugonjwa wa virusi. Lakini vipimo havikuonyesha virusi ambavyo vingeweza kueleza vifo hivyo vyote.

Kilichowaunganisha wagonjwa hao kilikuwa chakula. Walikuwa wamekula mahindi ya nyumbani, yaliyovunwa msimu huo huo na kuhifadhiwa yakiwa mabichi. Kufikia Julai 20, 2004, watu 317 walikuwa wameugua na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Yaani, katika kila wagonjwa 10, karibu wanne walikufa. Makueni na Kitui ndizo zilizoathirika zaidi, na wagonjwa wengine walipatikana Machakos na Thika.

Haukuwa mkasa wa kwanza. Mwaka wa 1981, katika wilaya ya Machakos, watu 20 walilazwa wakiwa na dalili kama hizo baada ya kula mahindi yaliyooza, na 12 wakafa. Wala haukuwa wa mwisho. Makueni na Kitui zilishuhudia vifo vingine mwaka wa 2005. Jirani zetu wa Tanzania nao walipata pigo lao mwaka wa 2016 katika maeneo ya Dodoma na Manyara, ambapo watu 68 waliugua na 20 wakapoteza maisha.

Sumu iliyofanya hayo yote inaitwa aflatoksini. Katika Kiswahili imepewa jina zuri la sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu.

Bata mzinga ndio waliotoboa siri

Huenda ukashangaa kusikia kwamba sumu hii haikujulikana na sayansi hadi mwaka wa 1960. Mwaka huo, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza katika muda wa miezi michache. Wafugaji walidhani ni maradhi ya kuambukiza. Baada ya uchunguzi, ilibainika kwamba ndege hao wote walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Karanga hizo zilikuwa zimeota kuvu. Wakati huo huo, hapa nchini, vifaranga wa bata walikufa kwa maelfu katika shamba moja la Bonde la Ufa, nao pia walikuwa wamelishwa karanga.

Kuvu yenyewe inaitwa Aspergillus flavus, na aflatoksini ilipewa jina kutokana na majina hayo mawili. Neno flavus katika Kilatini lina maana ya rangi ya manjano. Ni sadfa ya kuhuzunisha kwamba rangi hiyo hiyo ndiyo huonekana katika macho ya mgonjwa ambaye ini lake limeharibiwa.

Sumu hizi zina aina kadhaa ambazo hupewa herufi. Zile za B hung'aa kwa rangi ya buluu zikimulikwa na taa maalumu ya maabara, na za G hung'aa kijani. Aina ya M tutaikuta katika kikombe chako cha chai. Iliyo kali kuliko zote ni B1.

Kiangazi huanza kazi, mvua huimaliza

Watu wengi huamini kwamba kuvu ni mtoto wa mvua. Kwa hivyo huuliza, mbona sumu hii ikapiga Ukambani, sehemu ambayo shida yake kubwa ni ukame, badala ya kupiga sehemu zenye mvua nyingi?

Jibu ni kwamba kuvu hii huishi udongoni na hupenda joto. Mahindi yanapokosa maji shambani, mmea hudhoofika, punje hupata nyufa, na wadudu hutoboa magunzi. Kuvu huingia kupitia majeraha hayo hata kabla ya mavuno. Ndiyo maana tulisema mahindi ni mgeni asiyekivumilia kiangazi. Baadaye, mvua ikinyesha wakati wa kuvuna, au mahindi yakiwekwa ghalani kabla hayajakauka, kuvu iliyokuwa imejificha hupata unyevu inaouhitaji, na huzaana kwa kasi.

Mambo hayo mawili yalikutana mwaka wa 2004. Ukame ulikuwa umedhoofisha mimea, na mvua isiyotarajiwa ikanyesha wakati wa mavuno. Juu ya hayo kulikuwa na njaa. Mtu mwenye njaa huogopa wezi. Familia nyingi zilivuna mapema na kuyaingiza mahindi ndani ya nyumba walimolala, yakiwa bado mabichi, badala ya kuyaacha katika ghala za nje zinazopitisha hewa. Wachunguzi walipolinganisha walionusurika na walioumwa, waligundua kwamba kuhifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyomtenga mgonjwa na jirani yake mzima.

Basi usiwalaumu watu wale. Walikuwa wakilinda chakula cha watoto wao kwa njia pekee waliyoijua.

Duka si ngome

Wewe unayeishi mjini huenda ukasema, mimi silimi wala sina ghala, mimi hununua dukani. Hebu sikiliza jambo hili.

Katika ule mkasa wa 2004, wataalamu walikwenda sokoni na madukani Makueni, Kitui, Machakos na Thika, wakakusanya sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake. Zaidi ya nusu, yaani asilimia 55, zilikuwa na sumu iliyozidi kiwango kilichoruhusiwa na sheria wakati huo. Asilimia 35 zilizidi kiwango hicho mara tano na zaidi, na asilimia 7 zilikizidi mara 50 na zaidi. Mahindi ya wakulima yalikuwa yamekwisha kuuzwa, yakachanganywa na mengine, na kurudi katika magunia ya wachuuzi. Aliyeuza shehena yake mbaya mwezi mmoja, mwezi uliofuata alinunua ya jirani yake.

Wala si hadithi ya zamani tu. Mnamo Novemba 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, lilipiga marufuku kwa muda aina tano za unga wa mahindi wa pakiti baada ya vipimo kuonyesha sumu kupita kiasi. Hizo zilikuwa pakiti zilizopangwa vizuri katika maduka makubwa ya mijini.

Miligramu moja katika gunia zima

Kiwango kinachoruhusiwa siku hizi nchini Kenya na katika nchi za Afrika Mashariki ni sehemu 10 za aflatoksini katika kila sehemu bilioni moja za chakula, na aina ya B1 isizidi sehemu 5. Mwaka wa 2004 kiwango cha Kenya kilikuwa sehemu 20.

Hesabu hizo ni ngumu kuzipata akilini, kwa hivyo tuzibadilishe. Chukua gunia la kilo 90. Kiasi chote cha sumu kinachoruhusiwa katika gunia hilo zima hakifiki miligramu moja. Chembe moja ya sukari inaweza kuwa na uzito wa karibu hivyo. Sasa fikiria kwamba gunia hilo lina punje zaidi ya 200,000, na kwamba sumu haienei sawasawa. Punje moja inaweza kuwa na sumu nyingi mno ilhali jirani zake mia moja ni safi kabisa.

Ndiyo maana kuonja au kunusa hakusaidii. Sumu yenyewe haina rangi wala harufu, na ulimi hauitambui. Ndiyo maana pia mtu anayechota kiganja kimoja juu ya gunia na kukitangaza kuwa salama hajapima lolote. Maabara huchota kutoka sehemu nyingi za gunia, juu, kati na chini, kisha husaga na kuchanganya kabla ya kupima.

Moto hauna nguvu hapa

Hili ndilo jambo ambalo huwashangaza watu kuliko mengine yote. Tangu utotoni tumefundishwa kwamba chakula kikiiva vizuri, vijidudu hufa. Ni kweli, kuvu hufa. Lakini sumu iliyokwisha kuachwa na kuvu si kiumbe hai, na kitu kisicho hai hakiuawi.

Aflatoksini haianzi kuvunjika hadi joto lipite nyuzi 200 na ushei. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Unaweza kuusonga ugali mpaka mkono uchoke, au kuiacha githeri jikoni tangu asubuhi hadi jioni, na bado sehemu kubwa ya sumu itabaki. Kukaanga karanga hupunguza kiasi, lakini hakuiondoi yote. Kuosha mahindi na kuianika ile chavua ya kijani nako hakutoshi, maana sumu imekwisha kuingia ndani ya punje.

Wapo pia wanaosema kwamba mahindi yaliyooza yafaa kutengenezea busaa, au yafaa kulishwa kuku na ng'ombe. Pombe haiondoi sumu. Kuhusu ng'ombe, soma sehemu inayofuata.

Sumu ndani ya chai ya maziwa

Ng'ombe akila chakula chenye aflatoksini, ini lake huibadilisha sehemu ya sumu hiyo na kuitoa katika maziwa. Hiyo ndiyo aina ya M, ambayo herufi yake yatokana na neno la Kiingereza la maziwa. Huanza kuonekana katika maziwa katika muda wa siku moja tu tangu ng'ombe alipolishwa. Kuchemsha maziwa hakuiondoi, na kuyagandisha yawe mtindi hakuiondoi pia.

Habari njema ni kwamba ng'ombe huyo akibadilishiwa chakula, maziwa yake husafika baada ya siku chache. Kwa hivyo, ikiwa unafuga ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba yako huko Kitengela au Ruiru, usimpe mahindi au mkate ulioota kuvu kwa kuwa tu umeona uchungu kuutupa. Atakurudishia katika kikombe cha mtoto wako.

Walichojua akina mama wa Ukambani

Mkamba yeyote anakijua chakula kinachoitwa muthokoi. Ni mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu hadi ganda la nje likaondoka, kisha yakachemshwa pamoja na maharagwe, kunde au ndengu. Wengi wa mijini hukipenda kwa sababu ya ulaini wake, na wengine hukidharau kwamba ni chakula cha kijijini.

Wanasayansi wa Kenya walipokipima, waligundua kwamba kule kutwanga na kupepeta hupunguza aflatoksini kwa karibu nusu, kwa wastani. Sababu yake ni kwamba sehemu kubwa ya sumu hukaa katika ganda na kiini, ambazo ndizo kuvu huzishambulia kwanza. Tena waliona kwamba kuchemsha muthokoi kwa magadi au kwa maji ya jivu, kama walivyozoea akina nyanya, huipunguza sumu zaidi.

Usinielewe vibaya, msomaji. Nusu ya sumu nyingi bado ni sumu nyingi. Mahindi yaliyooza hayageuki kuwa mema kwa sababu yamepitia kwenye kinu, na zaidi ya hayo, punje zilizokobolewa hazilindwi tena na ganda lao, kwa hivyo muthokoi uliokaa mahali penye unyevu huoza upesi. Lakini ni vyema kujua kwamba desturi hiyo ina maana kubwa kuliko ulaini mdomoni.

Kwa sababu iyo hiyo, unga mweupe uliokobolewa kiwandani kwa kawaida huwa na sumu chache kuliko unga wa kusaga kwenye kinu cha posho pamoja na ganda lake, mahindi yakiwa ni yale yale. Wakati huo huo, unga uliokobolewa hupoteza sehemu ya vitamini na madini. Tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya inawataka wenye viwanda kuongeza vitamini na madini katika unga wa pakiti. Nyongeza hiyo ni nzuri, lakini haina uhusiano wowote na sumukuvu. Pakiti inaweza kuandikwa kwamba imeongezwa virutubisho na bado ikahitaji kupimwa sumu.

Sumu isiyoua leo

Waliokufa Makueni na Kitui walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Wengi wetu tuko katika hatari ya aina nyingine: sumu kidogo kidogo, kwa miaka mingi.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka aflatoksini katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na kiungo chenyewe ni ini. Lakini kuna jambo ambalo watu wachache wanalijua. Sumu hii ina mshirika. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini ya aina ya B ambaye pia hula aflatoksini huwa katika hatari ya kupata saratani ya ini inayoweza kufika mara 30 hivi kuliko mtu anayekula sumu hiyo bila kuwa na virusi hivyo.

Kwa bahati nzuri, mshirika huyo ana chanjo. Watoto wa Kenya wamekuwa wakipewa chanjo ya homa ya ini ya B pamoja na chanjo zao za kawaida tangu mwaka wa 2001. Ikiwa wewe ulizaliwa kabla ya hapo, huenda hukuchanjwa kamwe. Muulize daktari wako kuhusu kupimwa na kuchanjwa. Huenda usiweze kukipima kila kipande cha ugali unachokula, lakini mlango huu unaweza kuufunga.

Tafiti pia zimeihusisha sumu hii na kudumaa kwa watoto. Mtoto mdogo hula uji wa mahindi mara nyingi kwa siku, na mwili wake ni mdogo. Akina mama wengi huchanganya mahindi, karanga na nafaka nyingine ili uji uwe na nguvu. Nia ni njema sana. Hata hivyo, mahindi na karanga ndivyo vyakula viwili vinavyopendwa mno na kuvu hii. Iwapo unatengeneza mchanganyiko huo, chagua kila kitu kwa mkono kabla ya kupeleka kinuni, na usitie punje ambayo wewe mwenyewe usingeitafuna.

Chupa, chumvi na dakika 15

Sasa tuje kwenye jambo unaloweza kulifanya wewe mwenyewe. Familia nyingi za mjini bado hupokea gunia kutoka nyumbani. Mama ameagiza, makanga amelipakia juu ya basi, na unalipokea Machakos Country Bus kwa furaha, maana unga wa mahindi ya nyumbani una ladha yake. Kabla hujaliweka jikoni, fanya hivi.

Tafuta chupa ya kioo iliyo safi na kavu kabisa, yenye kifuniko. Itie mahindi hadi thuluthi moja. Ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Funga, kisha tikisa kwa dakika moja. Iache itulie kwa dakika 15. Sasa tazama kuta za chupa. Ikiwa chumvi imeganda kwenye kioo, mahindi hayo yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa. Ikiwa chumvi imeanguka chini yote, unyevu uko chini ya hapo. Kiwango salama cha kuhifadhi ni asilimia 13.5 au chini yake, kwa hivyo hata baada ya kufaulu jaribio hili, siku moja au mbili zaidi juani hazina hasara.

Zingatia kwamba chumvi hupima unyevu, haipimi sumu. Mahindi yaliyooza yakaanikwa baadaye yatafaulu jaribio hili vizuri sana. Kwa sababu hiyo, fuata na mambo haya:

Kwanza, anika juu ya turubai au jamvi, kamwe si juu ya udongo mtupu, kwa maana udongo ndio nyumba ya kuvu.

Pili, chagua kwa mkono. Toa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizonyauka na zilizobadilika rangi. Kazi hii inachosha, lakini ni miongoni mwa njia zinazopunguza sumu zaidi, kwa sababu, kama tulivyoona, sumu hujikusanya katika punje chache. Ifanye kabla ya kusaga. Mahindi yakishakuwa unga, hakuna anayeweza kuyachagua.

Tatu, usiweke gunia moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji wala usiliegemeze ukutani. Weka mbao chini yake. Nunua, ukiweza, mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo hupatikana katika maduka ya pembejeo. Kwanza hakikisha kwamba mahindi yamekauka, la sivyo utakuwa umefungia unyevu ndani.

Nne, kwa unga wa pakiti, nunua wa kukutosha kwa muda mfupi, tazama alama ya ubora na tarehe, na uuhifadhi mahali pakavu, mbali na masufuria yanayotoa mvuke. Pakiti iliyolowa au yenye unga ulioshikana madonge, irudishe.

Tano, karanga iliyonyauka, iliyobadilika rangi au iliyo chungu mdomoni, iteme. Usione haya.

Sita, badilisha chakula. Mtama na mawele kwa kawaida hushambuliwa kidogo kuliko mahindi, ijapokuwa nayo huhitaji kukaushwa vizuri. Kuna viazi vitamu, ndizi, nduma na mchele. Asiyekula mahindi mara tatu kwa siku amepunguza hatari bila kutumia dawa yoyote.

Kuvu dhidi ya kuvu

Nao wakulima wana silaha mpya. Si kila kuvu ya aina hii hutoa sumu. Wataalamu wamekusanya zile za hapa hapa Kenya zisizo na sumu, wakazipaka juu ya punje za mtama zilizouawa ili zisiote. Mkulima humwaga kilo 4 kwa ekari wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Kuvu hizo njema huenea shambani na kuzinyima nafasi zile zenye sumu. Dawa hiyo, inayoitwa Aflasafe KE01, iliidhinishwa nchini mwaka wa 2015 na hutengenezwa katika kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos. Ikiwa una wazee wanaolima Mwingi, Mutomo, Kibwezi au Wote, waambie wamwulize afisa wa kilimo.

Wakati wa kumtafuta daktari

Macho au ngozi ikigeuka manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, tumbo likivimba, au watu kadhaa wa nyumba moja wakianza kutapika baada ya kula chakula kimoja, usingoje. Nendeni hospitalini siku hiyo hiyo, na mwende na kiasi kidogo cha mahindi au unga mliokula. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii ikishaingia mwilini. Madaktari hulisaidia ini lijitibu lenyewe, na kila siku moja ina thamani. Tena acheni kukila chakula hicho mara moja, na mwambieni jirani aliyenunua mahali pale pale.

Mpenzi msomaji, hatukuandika haya ili uogope ugali. Mahindi makavu, yaliyochaguliwa na kuhifadhiwa vizuri ni chakula chema, na wengi wetu tumelelewa nacho. Kuna sentensi moja tu ambayo tungependa uisahau kuanzia leo, ile tunayoisema tunapoona punje zimefanya ukungu na bado hatutaki kuzitupa: "Si kitu, moto utaua." Kitui na Makueni waliujua ukweli mwaka wa 2004. Jioni hii, kabla hujatia unga sufuriani, ufungue mfuko na uutazame.